Nguvu Zinazotoka kwa Mungu



Ukikimbia vita unabeba mtoto na sufuria. Shamba linabaki, mbuzi wanabaki. Jioni unajiuliza: nguvu zangu nazo zimebaki wapi?

Nabii Eliya alikimbia vilevile, kwa sababu malkia Yezebeli alitaka kumwua. Alikaa chini ya mti jangwani, akaomba afe. Tazameni namna Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Kwa nguvu za chakula hicho Eliya alitembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Huko Mungu alisema naye kwa upole, akampa kazi mpya.

Ninyi viongozi, jifunzeni hapo. Mwenye njaa apewe chakula kwanza, bila kuulizwa kabila lake. Ndipo mahubiri yatasikika.

Nawe uliyepoteza vyote, usione aibu kumwambia Mungu uchungu wako. Lakini usitafute shibe katika kisasi. Kisasi hakishibishi, kesho kinadai tena. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliwatetea wakimbizi na wenyeji pamoja. Vita vilipofika hakuuacha mji, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996. Nguvu zake hazikutoka kwenye bunduki.

Leo jioni, ombeni pamoja na jirani wa kabila lingine. Mungu awatie nguvu.