"Majibu" si "maji": jinsi barua pepe yako inavyopewa rangi

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wetu wa habari na makatibu wa vyama vya wakazi kutoka Kangemi, Kawangware, Riruta na Kileleshwa, yaliyofanyika katikati mwa jiji.

Asanteni kwa kuvumilia msongamano wa Waiyaki Way na Ngong Road mkafika kwa wakati. Mliuliza kwa nini barua pepe moja hujibiwa kesho yake na nyingine hukaa kimya. Sababu ni nyingi, lakini leo nitazungumzia moja ambayo iko mikononi mwenu: rangi.

Ofisi inayopokea barua nyingi haizisomi kwa mfuatano. Programu kama Outlook huzipanga kabla karani hajaketi. Mtu huandika kanuni mara moja: barua ikiwa na neno hili kwenye kichwa chake, ipe kategoria hii. Kila kategoria ina rangi. Nyekundu inaweza kuwa dharura, samawati maji, kahawia taka, kijani leseni za biashara. Gmail hufanya kazi iyo hiyo kwa lebo na vichungi. Asubuhi karani huanza na nyekundu. Ni jambo zuri, nami nalipenda.

Tatizo ni kwamba kanuni haijui Kiswahili. Inaona herufi tu. Katika baadhi ya programu, ukiiambia itafute "taka", itachukua pia "nataka", "wanataka" na "tunatakasa". Mama wa kibanda pale Kawangware akiandika "Nataka leseni", barua yake inavaa kahawia na kwenda kwa watu wa taka. Ukiiambia itafute "maji", itakuletea majirani, majina na majibu. Yaani mkazi akiandika "Bado nasubiri majibu", anapangwa pamoja na mifereji iliyokauka! Mnacheka, lakini aliyeandika anangoja.

Niwape kisa ambacho sikicheki. Kabla ya kuja hapa nilifanya kazi katika ofisi nyingine, sitaitaja, na mimi ndiye niliyeandika kanuni za kisanduku chetu. Niliweka kanuni kwamba barua yenye "asante" kwenye kichwa ipewe rangi ya njano, kategoria ya pongezi. Nikaiweka juu kabisa, kisha nikaweka alama ya kuzuia kanuni nyingine zisiendelee. Basi mama mmoja akatuandikia: "Asante kwa taa, pia kuna shimo". Kifuniko cha shimo la majitaka kilikuwa kimeibwa kwenye njia wanayopita watoto wa shule. Alianza na shukrani, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Barua ikavaa njano, na njano tulizisoma mwisho wa mwezi. Nilipoifungua, mtoto alikuwa ameshaanguka humo na kuvunjika mkono. Neno "shimo" lilikuwa kwenye orodha yangu ya nyekundu, lakini kanuni hiyo haikufikiwa.

Tangu siku hiyo, kanuni za hatari naziweka kwanza, na kile kisanduku cha njano lazima mtu akipitie kila siku kwa macho yake. Ukinisikia nikisema mashine imepanga, niulize nani amekagua.

Kwa upande wenu, shukrani ziwekeni ndani ya barua. Kichwa kibebe tatizo, mahali na wadi: "Shimo wazi, njia ya shule, wadi ya Gatina". Jambo moja kwa barua moja. Ukichanganya shimo, taka na leseni, mojawapo litapotea. Msiandike "DHARURA" kwa kila kitu. Nyekundu ikijaa inakuwa sawa na hakuna nyekundu. Na nambari ya kitambulisho msiitume kama hamjaombwa.

Sasa, kuna barua ambayo rangi yake inahesabiwa na sheria. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka ofisi ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kulazimishwa kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kwa hiyo andikeni wazi kichwani: "Ombi la habari, Sheria ya 2016", na mtunze nakala yenye tarehe. Ikiwa ombi ni la ofisi nyingine, afisa anaweza kulihamisha, na ana siku 5 za kufanya hivyo. Asiyeweza kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa analazimika kumwandikia. Mzee asiyejua kompyuta hahitaji kulipia saiba.

Nanyi makatibu, visanduku vya vyama vyenu navyo vimejaa. Tengenezeni kategoria 5 au 6, zisizidi hapo. Outlook inatoa rangi 25, lakini hakuna atakayekumbuka zambarau ilimaanisha nini. Kategoria pia ipewe jina, msiiache "nyekundu" tu. Wapo watu, wengi wao wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, na mwenyekiti wenu anaweza kuwa mmoja wao bila kuwaambia. Na kabla ya kuiwasha kanuni mpya, ijaribuni kwa barua za wiki iliyopita. Mtaona wenyewe "nataka" zikiingia kwenye taka.

Haya, toeni simu. Kila mmoja aandike kichwa cha barua kuhusu tatizo moja la mtaa wake, kisha tutavisoma kwa sauti, tukikisia vitavaa rangi gani. Tuanze na dada wa Kangemi pale nyuma.