Hukumu ya Kunyongwa na Sharti la Yakini



Nimetakiwa niseme kama ni haki mtu aliyetenda kosa kubwa auawe. Wako watakaonena kwamba Mwislamu hana la kuuliza, maana kisasi kimo katika Kurani Tukufu. Kimo, wala sikikatai. Lakini aya ile ile ya 178 ya sura ya Al-Baqara imewafungulia warithi wa aliyeuawa mlango wa kusamehe na kupokea dia. Tena wanazuoni wametufundisha kwamba penye shaka adhabu kubwa huzuiwa.

Basi yatazameni yaliyotokea nchini mwetu. Edward Mpagi alihukumiwa kifo mwaka 1982 kwa kumwua mtu, akatiwa Luzira, upande wa pili wa mji huu, kungojea kamba. Na huyo aliyesemwa kuwa ameuawa alikuwa hai! Mwezi wa Aprili 1999 watu 28 walinyongwa humo humo Luzira, naye Mpagi yungali ndani. Alifunguliwa mwaka 2000. Jamaa yake aliyehukumiwa pamoja naye alikuwa amekwisha kufa kifungoni.

Zamani hizo jaji alipomwona mtu ana hatia ya kuua kwa kukusudia hakuwa na hiari. Sharti atamke kifo. Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, Mahakama ya Juu ilikata kwamba hukumu ya kifo yenyewe haivunji Katiba, ila jaji asilazimishwe kuitoa; na aliyepitisha miaka mitatu baada ya rufani yake ya mwisho pasipo kunyongwa, afungwe maisha. Mimi naona hapo mahakama imewakaribia mafakihi wetu kuliko sheria ile tuliyorithi kwa Waingereza, ingawa hata leo mjane na yatima hawapewi haki ya kusamehe.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba adhabu hii yataka yakini, na yakini hiyo mahakama zetu hazina. Je, barabara zetu zinayo? Hapa petu ukipigwa ukelele wa “mubbi!” hapana shahidi, hapana kiapo, hapana rufani, kuna mawe, na pengine tairi na petroli. Wanaokimbilia huko ni vijana wetu wenyewe, na wengine udhu haujawakauka. Hatuwezi kuilaumu Serikali kwa habari ya Mpagi na hali jambo hili twalinyamazia.

Ombi langu kwa kamati ni dogo. Katika kila mtaa wateuliwe wazee wawili. Ukelele ukisikika waende mara moja, wamwingize mtu yule katika duka lililo karibu na kufunga mlango, na kijana mmoja atumwe mbio kituo cha polisi. Majina yaandikwe leo, kabla hatujatawanyika.