Sauti ya mwenye duka: kutoka London hadi Springfield na kurudi

Mwezi Aprili mwaka 2003, majuma machache baada ya majeshi ya Marekani na Uingereza kuivamia Iraq, Waziri Mkuu wa Uingereza Tony Blair alikaa mbele ya kipaza sauti, Downing Street, akasoma maneno aliyotungiwa na waandishi wa katuni. Kipindi hicho cha The Simpsons kilionyeshwa Marekani mwezi Novemba mwaka huo huo. Ndani yake Blair anaikaribisha London familia ya Homer Simpson, kisha anapaa angani kwa mtambo aliojifunga mgongoni. Naye Homer anabaki akiamini kwamba aliyeonana naye ni Mr. Bean.

Kiongozi wa serikali anapokubali kufanyiwa mzaha wa namna hiyo, tena wakati wa vita, ni wazi kwamba mchezo umekwisha kuwa taasisi. Mwaka 2001 kamusi ya Oxford ilikuwa imekwisha kuupokea mguno maarufu wa Homer, "d'oh". Rowan Williams naye, alipokuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, hakuficha kwamba ni mpenzi wa familia hiyo ya rangi ya manjano.

Uingereza ina haki fulani ya kujivunia mchezo huu wa Kimarekani. Matt Groening aliwabuni wahusika wake, lakini walionekana kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1987 kama vijikatuni vifupi katika kipindi cha mchekeshaji Mwingereza, Tracey Ullman, mzaliwa wa Slough, magharibi ya London. Mfululizo wenyewe ulianza Desemba 1989 na umekwisha kupita vipindi 750. Waingereza waliupata kwanza kupitia Sky mwaka 1990, kisha BBC mwaka 1996, na Channel 4 tangu mwaka 2004. Kwa miaka mingi saa yake ilikuwa saa kumi na mbili jioni, watoto wakiwa wamerudi kutoka shuleni.

Ni saa ambayo mzazi aliyekuwa na duka alikuwa bado amesimama nyuma ya kaunta. Na katika maduka mengi ya London, mzazi huyo alitoka Afrika Mashariki.

Habari za safari yake zinajulikana Nairobi na Kampala, ingawa husimuliwa kwa namna tofauti katika kila upande. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria zilizowabana wafanyabiashara wasiokuwa raia. Wahindi wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuondoka kwa wingi, Bunge la London lilipitisha kwa siku tatu tu, mwaka 1968, sheria ya kuwawekea kizuizi watu waliokuwa na pasipoti za nchi hiyo hiyo. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka. Kiasi cha watu 28,000 wakaingia Uingereza. Manispaa ya Leicester ilifikia hatua ya kutangaza katika gazeti la Uganda kwamba wasiende huko.

Wengine walikwenda viwandani. Jayaben Desai, aliyewahi kuishi Tanganyika, aliongoza mgomo wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, Willesden, kuanzia mwaka 1976, na wengi wa waliogoma pamoja naye walikuwa wanawake wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki. Wengine walinunua maduka madogo ya magazeti na vyakula. Kazi ilikuwa ya jamaa nzima: kufungua kabla ya alfajiri magazeti yanapoletwa, kufunga usiku, na kuuza Jumapili ambapo maduka makubwa yalizuiwa na sheria hadi mwaka 1994. Hata neno la kuwataja walikuwa wamelichukua Afrika Mashariki. Waingereza wa makoloni walimwita mfanyabiashara wa Kihindi "dukawallah", duka letu likiwa limeungwa na kiambishi cha Kihindi. Nao muhogo wa kukaanga unaoliwa katika mikahawa ya Kigujarati ya Wembley huitwa "mogo" mpaka leo.

Mtaani, hata hivyo, duka lao lilipewa jina jingine: tusi lililokatwa kutoka jina la Pakistan, hata pale mwenye duka alipokuwa Mgujarati wa Kampala asiyewahi kufika Karachi.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia Apu Nahasapeemapetilon. Apu ana duka huko Springfield, mji wa kubuni wanakoishi akina Simpson. Alianza kuonekana mwaka 1990. Ni mchapa kazi, mpole, ana shahada ya udaktari katika taaluma ya kompyuta, na hulangua bila haya. Watunzi hawakumnyima utu. Katika kipindi cha Mei 1996, meya wa Springfield anaficha makosa yake kwa kuwasingizia wahamiaji, wananchi wanapiga kura wafukuzwe, na Apu anajikuta akiikariri historia ya Marekani ili apate uraia. Msikilizaji aliyeona mambo ya mwaka 1968 au 1972 hahitaji kufafanuliwa kejeli hiyo. Ni miongoni mwa vipindi bora kabisa vya mfululizo huo.

Tatizo lilikuwa sauti. Aliyemsemea Apu ni Hank Azaria, mwigizaji Mmarekani asiye na asili ya Kihindi, na amekiri kwamba sehemu ya lafudhi hiyo aliichota kwa Peter Sellers, aliyejipaka rangi na kuigiza Mhindi katika filamu ya The Party ya mwaka 1968. Sellers alikuwa mchekeshaji Mwingereza. Miaka minane kabla ya filamu hiyo alikuwa amekwisha kuigiza daktari wa Kihindi anayeishi London, katika The Millionairess, na wimbo alioimba pamoja na Sophia Loren kuitangaza ulipendwa sana nchini. Kwa hiyo lafudhi iliyoingia sebuleni London kila jioni haikuwa imetoka India wala Marekani. Ilikuwa bidhaa ya Uingereza iliyorudishwa nyumbani.

Watoto wa wahamiaji waliujibu mzaha huo mapema, na kwa mzaha. Mwaka 1998 Sanjeev Bhaskar, Meera Syal na wenzao walianza kuonekana katika televisheni ya BBC na mchezo wa vichekesho walioupa jina la wimbo ule ule wa Sellers, Goodness Gracious Me. Kichekesho chao kilichokumbukwa kuliko vyote ni cha vijana wa Kihindi wanaokwenda kula chakula cha Kiingereza na kuagiza kile kisicho na ladha kabisa. Hapo lafudhi ilikuwa ya wenyewe, na aliyechekwa alikuwa mteja.

Marekani ilichelewa. Novemba 2017 mchekeshaji Hari Kondabolu alitoa filamu iliyouliza kwa nini, kwa karibu miaka 30, Mhindi aliyejulikana zaidi katika televisheni ya nchi hiyo alikuwa katuni inayosemewa na mtu mwingine. Jibu la kwanza la watunzi wa The Simpsons, Aprili 2018, lilikuwa la kupandisha mabega tu, na halikustahili akili za watu waliowahi kuandika kipindi kile cha mwaka 1996. Januari 2020 Azaria alisema hatamsemea tena Apu. Juni mwaka huo waandaaji wakatangaza kwamba waigizaji Wazungu hawatawasemea wahusika wasio Wazungu. Mwaka 2021 Azaria aliomba radhi hadharani.

Mwaka uliofuata Rishi Sunak aliingia Downing Street kama Waziri Mkuu. Baba yake alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika, na mama huyo aliwahi kuendesha duka la dawa huko Southampton.

Apu hajafukuzwa Springfield. Tangu sauti yake iondolewe huonekana mara chache, akiwa katika kundi la watu, na hasemi neno.