Saa Tatu Ipi?

(Haya ndiyo maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Malaba, Busia na Port Victoria. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kupashana habari kazini. Wengine watanung'unika ya kwamba hili ni neno dogo, heri tungesema habari za mishahara. Mishahara tutaisema siku yake. Leo twataka kusema habari ya mguu wa mwenzetu mmoja, kwa kuwa mguu ule ulivunjika kwa ajili ya maneno mawili tu, nayo ni "saa tatu".

Wengi wenu mwaijua habari ile, lakini mwaijua vipande vipande. Tutaieleza yote.

Gengi yetu ilikuwa na kazi ya kubadili reli iliyochakaa katika kona, kati ya stesheni mbili. Asubuhi mnyapara wetu alipigiwa simu, akaambiwa treni ya kokoto itapita saa tatu. Aliyempigia alikuwa ameipokea habari hiyo kwa Kiingereza, akaigeuza kwa haraka. Kumbe saa tatu ile ilikuwa saa ya Kizungu, saa ya alasiri, ambayo sisi twaiita saa tisa. Hakuna aliyeuliza, "Saa tatu ipi?"

Basi tukaweka zana kando ya njia, tukangoja. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita, treni haikuja. Mmoja wetu, kijana mgeni kazini, akasema, "Je, tusiulize tena stesheni?" Akajibiwa, "Wewe shika mtaimbo, mambo ya treni si yako." Sisi wengine tulimsikia yule kijana, na mioyoni tulijua asema kweli, lakini tukanyamaza. Watu wawili walikuwa wagonjwa siku ile na kazi ilikuwa nzito. Saa nane mtu wa bendera nyekundu akaitwa aiache bendera yake aje kusaidia kuinua. Saa tisa treni ikatokea konani.

Dereva hakukosa. Alipiga honi, akafunga breki. Lakini treni iliyojaa kokoto haisimami kama baiskeli. Iligonga toroli letu, ikasimama hatua chache tu kabla ya pale tulipokuwa tumelegeza boliti. Tuliruka wote. Mwenzetu aliyekuwa upande wa bonde aliteleza, toroli likamwangukia mguuni. Leo anatembea kwa fimbo, na watoto wake wanne wanaishi kwa kile mkewe apatacho kwa kuuza omena sokoni.

Ilipofanyika hoja, kila mtu aliulizwa, na kila mtu alijibu neno lile lile, "Nilidhani anajua." Aliyepiga simu alidhani mnyapara anajua ni alasiri. Mnyapara alidhani treni imefutwa, na ya kuwa stesheni wangempigia kama sivyo. Mtu wa bendera alidhani mnyapara ameuliza. Na sisi tulidhani wakubwa hawakosei. Mwisho wake iliandikwa kosa ni la mnyapara, akaondolewa kazini. Ndugu zetu, mnyapara alikosa kweli. Lakini je, alikosa peke yake? Watu kumi walikuwa na ulimi siku ile, na aliyeutumia alikuwa mmoja, naye alinyamazishwa.

Tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari ya mnara wa Babeli. Watu wale hawakukosa matofali wala nguvu. Mnara ulishindwa siku walipokosa kusikilizana. Sasa tutazame gengi zetu za hapa mpakani. Katika gengi moja utamkuta Msamia, Mnyala, Mbukusu, Mteso na Mjaluo, na ng'ambo ya mpaka wenzetu wasema Kiganda pia. Amri hutoka ofisini kwa Kiingereza, mnyapara huigeuza Kiswahili, na mtu wa mwisho huigeuza kwa lugha ya mama yake kichwani mwake. Neno limevuka mito mitatu, tena bila daraja. Si ajabu likifika nusu.

Watu wa reli wa zamani waliijua hatari hii. Njia yetu hapa ni moja. Treni iendayo Uganda na ile itokayo Uganda zapita juu ya reli zile zile. Kwa hiyo waliweka sharti, kwamba treni isiingie kipande cha njia mpaka stesheni ya mbele imekubali. Stesheni ya kwanza huuliza, ya pili hujibu, ya kwanza hulirudia jibu, ndipo dereva hupewa ruhusa iliyoandikwa, au alama ya chuma aishike mkononi mwake. Hapewi "nadhani". Ikiwa dereva hatembezi treni kwa kudhani, kwa nini sisi tulegeze boliti kwa kudhani?

Na tujue ya kuwa mambo haya hubadilika watu wakitaka. Tangu mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika likagawanyika, kila nchi ikashika reli yake. Mahali ambapo mtu aliuliza ndani ya nyumba yake, sasa ilimbidi abishe hodi kwa jirani. Hata barabarani ilikuwa hivyo hivyo. Pale Busia lori lilisimama upande huu likakaguliwa, likavuka, likasimama tena na kukaguliwa upande wa pili. Sisi wenyewe tuliona misururu ile. Lakini tarehe 24 Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia. Maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja, na lori husimama mara moja tu, upande ule linakoingia. Mto Sio haukuhamishwa, na mpaka uko pale pale. Lililobadilika ni kwamba watu waliokuwa wakitumiana karatasi walikalishwa karibu wakasema. Ikiwa serikali mbili zaweza, gengi moja yashindwaje?

Sisi tuliozaliwa Port Victoria tuna mfano mwingine. Wazungu walipoipima njia ya reli mara ya kwanza, mwaka 1891 na 1892, walikusudia ifike kwetu, ziwani. Baadaye shauri likageuzwa, na mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. Basi Port Victoria haikupata reli, ikabaki na nyavu. Lakini nyavu nazo ni shule. Wavuvi wakivuta wavu, watu wako huku na huku, na mwitaji ni mmoja tu. Akiita, wote huvuta, na akinyamaza wote hushikilia. Lakini yule kijana mdogo aliye mwisho wa kamba akipiga kelele kwamba wavu umenasa jiwe, hata mwenye mtumbwi husimama. Hamwambii, "Mambo ya wavu si yako." Anajua wavu ukipasuka, wote watalala njaa.

Baada ya ajali ile tuliketi, gengi nzima, tukakubaliana mambo matano. Twayaleta kwenu kwa kuwa tumeyajaribu.

Kwanza, kila asubuhi kabla ya kushika zana, tusimame dakika kumi. Mnyapara aseme kazi ya leo ni ipi, treni zipi zitapita, hatari iko wapi, na nani atashika bendera. Tena aseme sababu. Mtu aliyeambiwa sababu hufanya vema hata mnyapara asipokuwapo.

Pili, aliyepewa neno alirudie kwa kinywa chake. Asiseme "ndiyo, bwana" tu. "Ndiyo, bwana" si jibu, ni adabu. Na saa itajwe mara mbili, kwa mfano, "saa tisa alasiri, yaani 15.00". Tangu tulipoanza hivi, tumekamata makosa kabla hayajatukamata.

Tatu, pawe na daftari. Zamu moja ikitoka, iandike boliti zipi zimelegezwa, taruma lipi limeoza, na zana gani haipo. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie, wala hiyo si aibu. Simu za mkononi zatusaidia, lakini simu huzimika na salio huisha, hali daftari halihitaji chaji.

Nne, mwitaji awe mmoja wakati wa kuinua, na mtu wa bendera asiitwe kazi nyingine hata kama watu ni wachache. Watu wakiwa wachache, kazi na ipungue. Bendera haipungui.

Tano, na hili ndilo kubwa, mwenye mashaka asimamishe kazi na asikaripiwe. Ikionekana baadaye kwamba hapakuwa na hatari, tumepoteza dakika tano. Mnakumbuka tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria iendayo Mombasa ilianguka mtoni karibu na Mtito Andei kwa kuwa mafuriko yalikuwa yameharibu daraja. Zaidi ya watu mia moja walikufa. Sisi tuijuao Nzoia inavyofurika Budalang'i hatuhitaji kufundishwa kasi ya maji. Mto hauandiki barua. Atakayeiona hatari ni mtu, na mtu huyo lazima ajue ya kuwa akisema atasikilizwa.

Katika hili sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale hatari ingalipo. Tena pahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Waulizeni wakubwa wenu, kamati yetu iko wapi, na ilikutana lini? Tuulize kwa adabu, lakini tuulize.

Sasa tumewasema wakubwa, na tumemsema mnyapara. Haki yataka tujiseme na sisi. Katika chama chetu, mara ngapi mjumbe amekwenda mkutano Nairobi kwa fedha za wanachama, akarudi na kukaa kimya mpaka mwezi umekwisha? Mara ngapi tumesikia kwa wachuuzi wa sokoni jambo lililoamuliwa na wajumbe wetu wenyewe? Na ninyi wanachama, mara ngapi mmeitwa mkutanoni mkaja watu saba, kisha mkalalamika njiani ya kwamba hamkuambiwa? Habari ni njia ya kwenda na kurudi. Mjumbe arudishe majibu katika siku saba, hata kama jibu ni "bado". Na mwanachama aseme shida yake mkutanoni, asiisemee kilabuni. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Twawasihi jambo moja tu la kufanya kesho. Kesho asubuhi, ukipewa neno, lirudie. Usipolielewa, uliza. Yule kijana wetu aliyeuliza siku ile angali kazini nasi. Siku nyingi baada ya ajali hakusema neno lolote, maana aliona kuuliza kumemletea karipio, na kutosikilizwa kumemvunja mwenzake mguu. Ilitupasa kumwendea, sisi watu wazima, tukamwambia, "Tulikukosea." Sasa ndiye ashikaye daftari letu, na kila treni inapotajwa, yeye ndiye wa kwanza kuuliza, "Saa tatu ipi?" Nasi hatucheki.

Mwisho, sanduku liko mlangoni kwa ajili ya mwenzetu mwenye mguu. Kila mmoja atoe alichojaliwa. Kilichopatikana kitasomwa hapa hapa mkutano ujao, kwa sauti, mpaka senti ya mwisho.