Chakula na Mchezo kwa Watoto Wadogo

Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imeniagiza niseme nanyi juu ya watoto waliodhoofika kwa kukosa chakula cha kufaa, kabla hamjakata shauri juu ya fedha za Chama zilizosalia. Najua wengi wenu mwataka hema na viti vya kukodisha. Nawaombeni mnisikilize kwanza.

Katika nchi yetu, toka miteremko ya Mlima Kenya hata nyanda za joto za Mbeere na Tharaka, mtoto husifiwa kwa upole. Huwekwa juu ya gunia kando ya shamba, akakaa pale hadi jioni bila kumsumbua mtu, nasi twasema, "Huyu ana adabu." Mara nyingine si adabu, ni njaa. Mwili usiopata chakula hujiwekea akiba, na kitu cha kwanza kuachwa ni mchezo.

Jambo hili lilionekana hapa hapa Embu. Kati ya mwaka 1984 na 1986 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walikuwa wakichunguza chakula na afya za jamaa zetu, ukaja ukame wa 1984. Watoto wa shule walipungukiwa chakula. Uwanjani wakapunguza kucheza, na darasani wakapunguza kusikiliza. Wale wadogo zaidi hawakuumia sana, kwa kuwa wazazi waliwatanguliza wao katika kugawa kilichokuwapo.

Kisha mwaka 1998 hadi 2000, katika shule 12 za Embu, watoto wa darasa la kwanza waligawanywa. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa kitu. Waliokula nyama walinenepa misuli ya mkono, wakacheza kwa nguvu zaidi, wakawa hata viongozi wa michezo. Maziwa nayo yaliwasaidia wafupi kurefuka.

Wala mchezo si matokeo ya chakula tu. Huko Guatemala, Torun na Viteri waliwatazama watoto wadogo waliokuwa wakipona utapiamlo. Chakula chao kilikuwa kimoja, lakini waliohimizwa kutembea, kupanda na kukimbia walirefuka kuwapita wenzao.

Hata hivyo, mgonjwa hasa asikimbizwe. Mtoto aliyevimba miguu, ukambonyeza kwa kidole kikaacha shimo, apelekwe hospitali siku ile ile. Asishindiliwe chakula, maana wingi wa ghafula waweza kumwua. Huko hulishwa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, akifunikwa asipate baridi. Mchezo huanza pale anapotaka chakula mwenyewe na kucheka na mama yake. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5, hatari ni kubwa. Kati ya hapo na 12.5, asingojewe.

Wazee wangu, si kila mara umaskini. Maziwa twayapeleka kiwandani, mayai sokoni, na pesa ya kahawa au miraa hurudi nyumbani kwa sura ya mkate mweupe na soda. Sisemi tusiuze, karo hailipwi kwa mayai yaliyoliwa. Lakini kikombe kimoja na yai moja vibaki, pamoja na uji wa wimbi, na pojo, kunde au mbaazi zilizopondwa vizuri.

Hoja ya Kamati ni hii: fedha zile zinunue mbuzi wa maziwa kwa ajili ya watoto wa chekechea, maziwa yachemshwe kila siku, na tepu za kupimia mikono. Tena uwanja ulio nyuma ya ofisi, ambao sasa umepandwa majani ya ng'ombe ya wanachama wawili, usafishwe, utiwe bembea na magogo ya kupanda. Wenye majani wamekwisha kuambiwa. Hema tutaendelea kukodi kwa jirani kama zamani.

Mweka Hazina anayo mahesabu hapa mezani. Naomba, Bwana Mwenyekiti, kura ipigwe kabla wazee wa mbali hawajaondoka kuwahi gari.