Mtumishi Asikie Kwanza: Mawasiliano na Mahusiano Kazini katika Serikali za Mitaa

*Mhadhara wa umma mbele ya madiwani, watumishi na wananchi wa Tarafa ya Mngeta, Bonde la Kilombero*

 

Nimeombwa nizungumzie mambo mawili ambayo ofisi zetu huyaweka katika vyumba viwili. Kuna taarifa kwa umma, ambayo tumemwachia afisa habari. Kuna mahusiano kazini, ambayo tumemwachia afisa utumishi. Mimi nimekuja kusema kwamba hii ni kazi moja. Halmashauri inayomficha mtumishi wake habari haiwezi kuaminiwa na mwananchi, kwa sababu mwananchi wa Mkangawalo haijui halmashauri kwa tovuti wala kwa taarifa kwa vyombo vya habari. Anaijua kwa sura ya mtendaji wa kijiji, ya mwalimu wa mwanawe na ya muuguzi wa zahanati. Hao wakiwa gizani, kijiji kizima kiko gizani.

Karatasi iliyobandikwa mlangoni

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa kijana niliajiriwa afisa tawala katika halmashauri moja, mkoa mwingine. Ijumaa moja mchana nilikabidhiwa orodha ya uhamisho wa walimu, nikaambiwa niibandike kwenye mlango wa ofisi ya kata. Nikaibandika kwa gundi, nikanyoosha pembe zake kwa kiganja, nikaondoka.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa darasani. Aliyempa habari ni mtoto wa darasa la tano aliyetumwa dukani kununua chaki: "Mwalimu, jina lako lipo mlangoni." Jioni hiyo kwenye kahawa ikasemwa kwamba shule inafungwa. Jumatatu wazazi wakaja kuomba watoto wao wahamishwe. Barua rasmi ya mwalimu yule ilifika siku ya tisa. Sababu ya uhamisho ilikuwa nyepesi kabisa: shule nyingine haikuwa na mwalimu wa hisabati. Sentensi moja ingetosha, na haikusemwa. Ilitugharimu mikutano mitatu ya hadhara kuuzima uvumi, na mwalimu yule hakuniamini tena hadi alipostaafu.

Waswahili walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Uvumi hauanzi kwa sababu wananchi wana ubaya. Unaanza pale ambapo aliyepaswa kusema amenyamaza, na aliyepaswa kujua hajaambiwa.

Mtumishi mmoja, wakubwa wengi

Kwa nini tunanyamaza? Si ukatili. Mara nyingi kila mmoja anadhani mwenzake ameshasema. Mtazameni mwalimu wa shule ya msingi hapa bondeni. Mkurugenzi Mtendaji ndiye mwajiri wake. Nidhamu na kupandishwa daraja vinapita Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mtaala unatoka Wizara ya Elimu, maelekezo ya kila siku yanatoka TAMISEMI, mshahara unatoka Hazina. Habari moja inapita milango mitano, na kila mlango unadhani ule wa mbele uko wazi.

Hali hii ina historia. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, nguvu ikahamia kwa maafisa wa mikoa na wilaya. Sheria Namba 7 na Namba 8 za mwaka 1982 zikazirudisha, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi upya. Kwa zaidi ya miaka kumi mtumishi wa wilayani alizoea kutazama juu kwa aliyemtuma, akasahau kutazama pembeni kwa anaowahudumia. Tabia hiyo haikuondoka kwa kutungwa sheria.

Lakini tulikuwa tumeshajifunza jambo lingine jema. Agizo la Rais Namba 1 la mwaka 1970 lilianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Wazo lake lilikuwa kwamba anayefanya kazi ana haki ya kujua hali ya mahali pake pa kazi na kushauri juu yake. Wazo hilo liko hai katika Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mabaraza tunayo. Swali ni kama tunayatumia kusikilizana, au tunayaita ili yapitishe makadirio ya bajeti saa nne, yale chakula saa saba, yaondoke.

Asilimia 23.3

Niwakumbushe tukio ambalo kila mtumishi aliye humu ndani analijua. Mei Mosi mwaka 2022, Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliwatia moyo wafanyakazi kwamba jambo lao lipo. Tarehe 14 Mei ikatangazwa nyongeza ya mishahara, na tarakimu iliyokamata masikio ya nchi ilikuwa asilimia 23.3.

Ilikuwa habari njema, na ilikuwa ya kweli. Lakini asilimia hiyo ilihusu kima cha chini. Waliokuwa na mishahara ya juu zaidi waliongezewa kwa viwango vidogo zaidi. Sasa mfikirieni mwalimu mwenye daraja la TGTS D. Tangu Mei amekwisha kuongeza mshahara wake kwa asilimia 23.3, ameahidi ada, amekopa mabati. Mwishoni mwa Julai anafungua hati yake ya mshahara kwenye simu, anaona ongezeko dogo, anadhani mtandao umekosea, anafungua tena. Nchi nzima ikajaa manung'uniko. TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikalazimika kuwaomba wafanyakazi watulie, na Serikali ikalazimika kueleza mwezi Julai kile kilichopaswa kueleweka mwezi Mei.

Hakuna aliyedanganya. Asilimia ilitolewa bila kumwambia kila mtu ni asilimia ya nini, na inamhusu nani. Hapa ndipo halmashauri ilipokuwa na kazi yake. Mishahara haipangwi Mngeta, hilo ni kweli. Lakini jedwali la ukurasa mmoja, lenye daraja upande mmoja na shilingi upande wa pili, likisomwa na afisa utumishi katika kila shule na zahanati kabla ya mshahara kutoka, lingeokoa imani nyingi. Linganisheni na Mei Mosi ya mwaka 2025, Singida: ilitajwa asilimia 35.1, na papo hapo ikaelezwa kwamba kima cha chini kinatoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000. Shilingi haina mafumbo. Mtu akitajiwa shilingi, anajua kama yumo au hayumo.

Tarehe 20 Mei 2004

Tukio la pili liliwagusa watendaji wa vijiji moja kwa moja. Wakati wa uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017, waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi waliondolewa, na orodha ya kwanza pekee ilikuwa na majina zaidi ya 9,900. Katika zoezi hilo wakaondolewa pia watu ambao hawakughushi chochote. Walikuwa wameajiriwa kwa elimu ya darasa la saba, wakati ambapo utaratibu uliwaruhusu. Aprili 2018 Serikali ikatangaza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudi kazini, mradi hawakughushi.

Serikali ilirekebisha, na ni haki kuisifu. Lakini tafakarini ile miezi ya katikati. Mtu aliyepokea ushuru, aliyesuluhisha ugomvi wa wakulima na wafugaji, aliyeshika muhuri wa kijiji miaka ishirini, anatembea barabarani na jirani zake wanajiuliza kama alikuwa mwizi. Aliyeghushi na asiyeghushi walifunikwa kwa jina moja, vyeti feki. Kurudishiwa kazi ni rahisi kuliko kurudishiwa heshima, na heshima ndiyo mtaji pekee wa mtendaji wa kijiji. Asipokuwa nayo, akiitisha mkutano watu hawaji.

Mwananchi anamwendea nani?

Hapa Mngeta mna mfano wenu. Shamba kubwa la mpunga, zaidi ya hekta 5,800, liliwahi kuwa la KOTACO, ubia wa Tanzania na Korea ya Kaskazini. Mwaka 2008 ikaingia Kilombero Plantations, ubia wa RUBADA, mamlaka ya serikali ya Bonde la Rufiji, na kampuni ya Agrica. Mwaka 2015 taasisi ya Oakland ya Marekani ikatoa ripoti ya malalamiko ya wakulima kuhusu ardhi, fidia na madeni. Mwaka 2019 kampuni ikazidiwa na mikopo.

Mnaweza kuwa na maoni tofauti kuhusu shamba lile. Nataka jambo moja tu lionekane. Mwekezaji anapokuja, na anapoondoka, mkulima au kibarua haendi kumtafuta mwanahisa ng'ambo. Anakwenda kubisha hodi kwa mtendaji: Vipi fidia? Vipi mshahara wetu wa mwezi uliopita? Ardhi ile inarudi kwa nani? Mtendaji ambaye halmashauri haijampa hata nusu ukurasa wa maelezo ana njia mbili: abuni jibu, au akwepe. Zote mbili zinaibomoa serikali kijijini.

Na taarifa za kawaida nazo? Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kujibiwa ombi lake ndani ya siku 30. Katika kijiji kimoja cha bonde hili nilisimama mbele ya ubao wa matangazo wenye wavu wa waya na kufuli. Ndani yake palikuwa na taarifa ya mapato na matumizi ambayo masika yalikuwa yameilowesha hadi wino ukatiririka, tarakimu zikaungana. Mzee mmoja akaniambia, bila hasira, "Sisi hatuulizi zimeliwa au hazijaliwa. Tunauliza tu tusomewe." Ombi la mzee yule ndilo mhadhara wangu wote.

Siri na aibu

Wapo viongozi waadilifu wanaonipinga. Wanasema mtumishi wa umma ana kiapo cha kutunza siri. Nakubali. Jalada la mgonjwa ni siri. Jalada binafsi la mtumishi ni siri. Zabuni ambayo bado inatathminiwa ni siri. Lakini kwamba halmashauri inadaiwa posho za uhamisho na watumishi wake si siri, maana wadai wenyewe wanajua. Si kila kinachotuaibisha ni siri. Tukiyachanganya haya mawili, tunawafundisha watumishi wetu kwamba kimya ni cheo.

Wengine wanasema: tuwaambie nini wakati fedha hatuna? Waambieni hivyo hivyo. Mwaka 2012 walimu waligoma nchi nzima wakidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, pamoja na posho ya asilimia 30 kwa walio katika mazingira magumu. Mgomo ulianza tarehe 30 Julai, na tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikauamua kuwa batili. Walimu wakarudi madarasani. Amri ya mahakama inaweza kumrudisha mwalimu darasani. Moyo wake hurudishwa na mtu anayeketi naye na kumweleza kipi kinawezekana, kipi hakiwezekani, na lini wataonana tena. Kukosa fedha si kosa la mkurugenzi. Kunyamaza ni kosa lake.

Ombi langu

Kwa hiyo ninaiomba halmashauri, na ninaviomba vyama vya wafanyakazi, mambo ambayo hayahitaji kusubiri Dodoma.

Mtumishi asikie kwanza. Habari yoyote inayomgusa imfikie kwa jina lake kabla ya kufika ubaoni, kwenye kundi la WhatsApp au kwa mtoto aliyetumwa chaki. Orodha ya madeni ya watumishi iandikwe kwa kufuata mwaka ambao kila deni lilianza, ilipwe kwa mpangilio huo, na kila robo mwaka wajumbe wa baraza la wafanyakazi waisome katika vituo vyao. Mjumbe anayetoka barazani bila kurudisha majibu kwa wenzake amekwenda kwa niaba yake mwenyewe.

Afisa habari na afisa utumishi wakae meza moja. Tangazo lisitoke kabla hawajajiuliza: mtendaji wa kijiji cha mwisho ataulizwa nini kesho, na tumempa jibu gani? Tarakimu itakayosomwa Pambazuko FM pale Ifakara iwe ileile iliyoko ubaoni, na ileile atakayoisoma mtendaji kwenye mkutano mkuu. Masika yakikata barabara, simu haikatiki. Mtendaji apigiwe.

Nanyi watumishi wenzangu, haki hii ina wajibu wake. Ukishaambiwa, usikae na neno. Mwananchi akikuuliza jambo usilolijua, usibuni. Mwambie, "Sijui, nitauliza, nitakujibu Alhamisi." Kisha Alhamisi ifike ukiwa umeuliza.

Na ninyi wananchi wa Mngeta, mkutano mkuu ujao ukiitishwa, nendeni. Ombeni msomewe mapato na matumizi, kisha mwulizeni mtendaji wenu swali ambalo hajawahi kuulizwa hadharani: yeye mwenyewe anadai nini, na ameambiwa nini? Akiweza kulijibu mbele yenu bila woga, halmashauri yenu iko salama.