Mwanga Unaohesabu Chembe za Damu

Hapa Dodoma wengi wamesikia habari za kupima CD4. Lakini kinapimwa nini hasa?

CD4 ni chembe nyeupe zinazoulinda mwili, na virusi vya UKIMWI hushambulia hizo hizo. Mtaalamu huchanganya damu na dawa ya rangi inayozishika chembe hizo. Kisha chembe hupita moja moja mbele ya mwali wa leza. Zilizoshikwa na rangi hung'aa, mashine ikazihesabu.

Dawa za bure zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, wengi waliambiwa wasubiri mpaka chembe zipungue chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Tangu mwaka 2016, kila aliyeambukizwa huanza dawa bila kusubiri hesabu.

Basi kipimo cha nini tena? Mimi nasema bado kina kazi. Aliye chini ya 200 aweza kuonekana mzima, kumbe kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo vinamnyemelea.

Ndugu yangu wa Bahi, wa Kongwa, wa Mpwapwa: unapoanza dawa, uliza chembe zako ni ngapi. Kuuliza si utovu wa adabu.